Mwandiko Ambao Haukuwa Wake

Nilianza kupita kwenye nyumba za wanafunzi wangu wiki ya tatu baada ya shule kufungwa kwa sababu ya korona, na nilianza kwa woga. Nilikuwa nafundisha hisabati darasa la saba katika shule moja ya msingi ya Mkolani. Nilikuwa naishi Buhongwa na mama yangu mzazi, mwenye pumu ya tangu ujana wake. Redio ilipowashwa nilikuwa nasikia sentensi moja tu, kwamba wazee na wenye matatizo ya kifua ndio walio hatarini zaidi. Mengine yote yalinipita.

Watoto walishangilia siku walipotangaziwa kwamba wanarudi nyumbani. Walidhani ni likizo. Sisi walimu tulibaki ofisini tumekaa mbalimbali, na mwalimu mkuu akasema, "Hawa wa darasa la saba wana mtihani mwaka huu. Msiwaache wakapotea." Hakusema tufanyeje. Nadhani naye hakujua.

Kwanza nilijaribu simu. Nilifungua kundi la wazazi la WhatsApp, wakaingia wachache, wale wenye simu kubwa. Wengi walikuwa na vitochi vya kupigia na kupokea tu. Vipindi vya masomo vilikuwepo redioni, lakini baba mmoja fundi viatu aliniambia redio ya nyumba yake ni moja na huwa anaondoka nayo kwenda kazini. Ndipo nikaamua kuandika maswali kwa mkono, kumi kila wiki. Nilikuwa natoa kopi kwa dada mmoja mwenye steshenari pale Mabatini, halafu nayagawa mwenyewe kwa miguu.

Jumatatu nilikuwa nagawa, Ijumaa nakusanya madaftari. Sikuingia ndani kwa mtu. Nilisimama uani na barakoa yangu ya kitenge, nikaita, mtoto akatoka na daftari akaliweka juu ya jiwe, nami nikalichukua akishasogea. Mkolani mawe hayakosekani. Nikifika nyumbani nilikuwa nayaanika yale madaftari juani nyuma ya nyumba, nanawa mpaka viwiko, nabadilisha nguo, ndipo namsalimia mama. Yeye alikuwa anakaa mlangoni ananitazama.

"Binti yangu, hayo madaftari yanaumwa?"

"Hapana mama. Najihadhari tu."

"Naona siku hizi unaniogopa."

Sikumwogopa yeye. Nilijiogopa mimi mwenyewe, mikono yangu na pumzi yangu, lakini sikujua namna ya kumwambia hivyo mama yangu. Nilikaa mwisho wa benchi, yeye mwanzo wake, tukala kila mtu na sahani yake.

Katika darasa lile kulikuwa na msichana mmoja wa dawati la mbele, mkimya, mwenye mwandiko mdogo uliosimama wima. Kila jibu alilipigia mistari miwili kwa rula. Mama yake alikuwa akiuza vitumbua kwenye geti la shule yetu, hivyo niliwajua wote wawili. Shule ilipofungwa, biashara ya yule mama ilikufa siku ileile, maana wateja wake walikuwa ni watoto. Baba mtu alikuwa ameenda kwenye machimbo upande wa Geita, na simu yake ilikuwa haipatikani.

Wiki mbili za mwanzo msichana alitoka mwenyewe na daftari lake. Wiki ya tatu alitoka mama.

"Yuko wapi mwenyewe?" nikauliza.

"Ameenda kuchota maji, mwalimu."

Wiki ya nne akatoka tena mama. "Leo kichwa kinamuuma, amelala."

Neno lile kichwa lilinitosha. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikasema apone haraka, nikaondoka. Sikuuliza amemeza dawa gani wala kama ana homa. Nilitaka tu kutoka kwenye ule ua.

Ijumaa hiyo jioni nilikaa nje kusahihisha. Nilipofika kwenye daftari lake, nilikuta swali la mkulima aliyevuna mahindi limejibiwa hivi: *Mkurima arivuna magunia thelathini na sita.* Nikalisoma tena. Kwetu wengi tunachanganya l na r tunapoongea, hata mimi nikichangamka, lakini msichana yule hakuwahi kuzichanganya kwenye karatasi. Nikatazama namba. Alipobeba moja, hakuandika moja, aliweka nukta juu ya tarakimu, kama tulivyofundishwa sisi zamani. Kwenye hesabu za sehemu alikuwa amejumlisha namba za juu na kujumlisha namba za chini, kosa ambalo msichana aliliacha darasa la tano. Nikafunua ukurasa wa wiki iliyotangulia. Mwandiko ulikuwa huohuo, na kalamu yangu nyekundu ilikuwa imepita juu yake bila kuona kitu.

 Wazo la kwanza lilikuwa kwamba mtoto ana korona na amefichwa ndani. Watu walikuwa wakificha wagonjwa wao kipindi kile, wakiogopa kupelekwa kutengwa na kusemwa na majirani. Kama ni hivyo, basi mimi nilikuwa nimebeba daftari la nyumba ile mara mbili na kuja nalo hapa, alipo mama. Nilinyanyuka nikaenda kunawa tena, ingawa nilikuwa nimeshanawa. Wazo la pili lilikuja nikiwa bado nimeshika sabuni. Labda msichana hayupo kabisa.

Asubuhi yake nilikwenda. Yule mama alikuwa anafua. Nilimfungulia daftari kwa mbali.

"Mama, huu mwandiko ni wa nani?"

Alikamua nguo aliyokuwa ameishika, akaitundika kwenye kamba, akainyoosha pembe zote. Halafu akasema, "Ni wangu."

"Na mtoto?"

"Mimi niliishia darasa la tano, mwalimu. Niliona nikikurudishia daftari tupu, mtakata jina lake. Nikasema nimshikie nafasi mpaka arudi. Lakini yale ya sehemu yalinishinda."

"Arudi kutoka wapi?"

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanieleza. Dada yake mkubwa alikuwa anaanika dagaa kwenye kisiwa kimoja mbele ya Ukerewe. Alikuja mjini, akakuta nyumba haina unga, akasema apewe huyu binti mkubwa akamsaidie kazi, angalau atakula. Shule si zimefungwa. Yule mama akakubali. Alitegemea ni kwa wiki mbili.

"Umeongea naye lini?"

"Simu ya dada imezimika, wiki ya pili sasa." Alikuwa anaongea akiangalia povu kwenye beseni. "Alisema atalala naye chumba kimoja. Lakini kule kwenye kambi ya wavuvi wanaume ni wengi. Mimi mwenyewe naogopa, mwalimu. Sijui nimfuate vipi peke yangu."

Siku hizo msichana akipata mimba, shule ilikuwa ndiyo basi. Sikumtajia hilo, analijua kila mzazi. Nilimwambia twende kwa mtendaji wa mtaa. Akanishika mkono, akasahau mambo ya kukaa mbalimbali, nami nikasahau kuuvuta. "Wataniweka ndani mimi. Na wadogo zake watabaki na nani?" Nikamwambia basi, twende wenyewe, wadogo awaache kwa jirani.

Nyumbani nilidanganya. Nilimwambia mama nimeitwa kwenye kikao cha walimu na kwamba nitalala hukohuko. Nikamwomba jirani amwangalie.

Tulipanda meli mpaka Ukerewe, halafu mtumbwi wa injini. Mimi nimezaliwa kando ya ziwa na sijui kuogelea, na sipendi kupanda chombo ambacho nikinyoosha mkono nagusa maji. Tulikaa tumebanana kwenye mbao. Mzee mmoja alikohoa na wote tukageuka kumtazama. "Ni vumbi," akasema. Katikati ya ziwa, hakuna vumbi, na hakuna aliyecheka. Mawimbi yalikuwa yanaingia, mwanamume mmoja anayachota kwa dumu lililokatwa. Yule mama alikuwa amefumba macho na midomo yake inasali. Mimi nilikuwa naifikiria sentensi nitakayoanza nayo nikimkuta msichana ana tumbo. Sikuipata.

Kambi ilikuwa safu za vibanda vya mabati na mchanga uliofunikwa dagaa mpaka majini. Wanawake walikuwa wameinama wakiwageuza. Yule mama alimwona mwanaye kabla yangu, akaanza kutembea haraka, halafu akakimbia. Msichana akasimama. Alikuwa amekonda na mikono yake inang'aa magamba. Alipomkumbatia mama yake aliniona mimi kwa nyuma, akaificha mikono mgongoni, kama vile nimemkuta na kosa darasani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Macho yangu yakashuka kwenye tumbo lake. Aliona nilipotazama. Jambo hilo linanitia aibu mpaka leo.

Mama mkubwa wake alitoka kwenye kibanda akijifuta mikono. Hakuwa mtu mbaya. Alitupa maji ya kunywa kwanza.

"Mmemfuata? Shule zenyewe si zimefungwa?"

"Zitafunguliwa," nikasema.

"Lini?"

"Sijui."

"Basi unamrudisha akakae na njaa mpaka siku usiyoijua. Hapa anakula."

 Alichosema kilikuwa kweli. Mama mtu alikuwa analia taratibu. Ndipo msichana akasema kwa sauti ndogo sana, "Mama mkubwa, naomba nirudi."

"Kwani nimekutesa?"

"Hapana. Kuna mtu huwa anakuja kule kwenye nyavu ninapoanika. Kila siku anakuja. Anasema shule hazitafunguliwa tena, anasema ananijengea nyumba mjini Nansio. Jana alinishika mkono, nikakimbia."

Mama mkubwa akamsogelea. "Nani?"

Msichana akatikisa kichwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuogopa."

Mama mkubwa aliingia ndani, akakaa huko muda, akatoka na mfuko wa nguo za msichana pamoja na kiroba cha dagaa wakavu. Akavikabidhi kwa mdogo wake bila kumtazama usoni. Mtumbwi wa kurudi ulikuwa wa asubuhi, kwa hiyo tulilala palepale, wanawake wanne kwenye mkeka mmoja, na msichana tulimweka katikati.

Nilifikiri nikishafika Buhongwa woga utaisha. Siku ya tano baada ya safari, mama akaanza kukohoa.

Nilimsikia kutoka jikoni nikashindwa kutoka. Nilihesabu watu wote niliobanana nao kwenye meli na kwenye mtumbwi, nikamkumbuka yule mzee wa vumbi. Hospitali niliiogopa, nyumbani niliogopa vilevile. Jirani alileta majani ya mwarobaini na malimao, tukamfukiza mama chini ya blanketi, na mvuke ule ukamzidishia kubanwa kifua. Nikauondoa. Nilimpa dawa yake ya kuvuta, nikakaa nje ya mlango wake nikisikiliza pumzi inavyopita kwa kukwaruza. Kila ilipochelewa kuja nyingine, nilisimama.

Siku ya tatu nilimpeleka zahanati. Mganga alimpima, akampa dawa, akasema kifua hiki ni chake cha siku zote ila kimechokozwa. Hakusema kimechokozwa na nini, nami sikuuliza. Baada ya wiki alikuwa anakula vizuri. Siku moja akaniita nikae karibu.

"Kile kikao chako," akasema, "kilikuwa kinanuka dagaa."

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mtoto alikuwa mzima. Nikasema ndiyo, mzima. "Ungeniambia," akasema. "Ningekuruhusu. Ningeogopa, lakini ningekuruhusu."

Niliendelea na maswali yangu ya Jumatatu. Kwenye nyumba ya yule msichana nikawa natoa karatasi mbili, maana mama mtu aliniomba na yeye ya kwake. Walikuwa wanakaa na wadogo kwenye kivuli cha ukuta, mtoto anamfundisha mama kutafuta namba ya chini inayolingana kwenye sehemu. Mwalimu mkuu alipata watu wa kanisa moja wakaanza kugawa unga kwa familia tulizoziorodhesha. Haukutosha, lakini yule msichana hakurudi kambini.

Shule zilipofunguliwa nilisimama mlangoni mwa darasa nikitazama sura zikiingia. Msichana alikaa dawati lake lilelile. Mwisho wa mwaka alifanya mtihani akafaulu, akaenda sekondari ya kata. Mama yake akarudi getini na vitumbua vyake.

Si wote waliorudi. Kulikuwa na msichana mwingine, wa dawati la nyuma, mwenye kelele na mchekeshaji. Daftari lake halikuwahi kurudi hata wiki moja. Nilikuwa nikifika kwao Jumatatu namkuta bibi yake tu, namwachia karatasi, naendelea na safari, na kwenye orodha yangu niliandika pembeni ya jina lake neno *mvivu*. Siku ya kufungua shule nilipoona nafasi yake wazi nilikwenda kwao jioni hiyohiyo. Nilikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Jirani akaniambia bibi amehamia kijijini na mtoto ameolewa, miezi miwili sasa, upande wa Magu, hajui kijiji gani. Nilimuuliza kama aliwahi kumwona yule mtoto akiandika maswali yangu. Akasema alimwona mara moja, amekaa hapo kizingitini na karatasi, akimsubiri mtu wa kumwelekeza.