Mikono ya Muuguzi

Muuguzi tuliyepanga naye nyumba moja hapa Kibondo hasalimii bila kupiga makofi taratibu, kama sisi Waha wote. Akiwa na ndoo kichwani anaitua kwanza. Sindano yake watoto hawaisikii. Ila tangu aombe kazi Ujerumani, simu ikilia anashtuka. "Wakiniona natetemeka, kibali sipati, mdogo wangu," aliniambia.

Leo wamemhoji kwa video, mimi nipo mlangoni nachambua maharage. Wakala wake wa Dar alishamkanya asiwapigie Wazungu makofi, watamshangaa. Basi akaikalia mikono yake. Alijibu vizuri, sauti nyembamba, jasho linamtoka puani. Mara wakala, ndiye aliyekuwa anatafsiri, akauliza, "Sista, mikono umeificha wapi? Wanasema unasoma majibu." Akaitoa polepole. Ilikuwa inatetemeka yote miwili, mbele ya watu wanaotafuta mchoma sindano. Akaikutanisha, akawapigia makofi yetu, taratibu, taratibu, kama ndiyo kwanza anawasalimia, mpaka ikatulia. Kwenye simu walibaki wanamtazama tu, hakuna aliyeitikia.