Kamera Mbili Alizotuachia

Habari ya kifo chake ilinikuta kwa kinyozi, kule Kadutu, nikiwa nimenyolewa upande mmoja tu. Kinyozi alipokea simu, akasikiliza, akazima mashine yake, kisha akaniambia kupitia kioo: "Shika moyo, papa. Ule muzee wa foto ametuacha." Sikuuliza muzee yupi. Bukavu hatukosi wapiga picha, lakini ukisema "muzee wa foto" bila kuongeza neno, kila mtu anajua unamsema nani. Sukari ndiyo iliyomwondoa, sukari ambayo aliidharau huku akikoroga chai yake kama mtu anayechanganya saruji. Nililia pale pale kwenye kiti, mbele ya wateja, bila aibu. Halafu nikajikuta nacheka, kwa sababu nilijua kwamba lau angenikuta katika hali ile, nusu kichwa kina nywele na nusu hakina, angenipiga picha kwanza, pole ingefuata baadaye.

Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba mimi si mtu wa kusifu wafu kwa sababu tu wamekufa. Huyu nilimpenda akiwa hai, na tuligombana naye akiwa hai, karibu kila Jumapili baada ya misa, pale nje ya parokia alipokuwa akisubiri watu wa ubatizo. Aliniona mvivu. "Weye unaandika mafungu matano juu ya sura ya mutu mumoja," aliniambia, "mimi minabonyeza tu, na ile sura inabaki." Nami nilimjibu kwamba sura zake zote zinacheka, hata za watu ambao sijawahi kuwaona wakicheka. Alikuwa haachii kidole mpaka ucheke. Angekuuliza habari za mama mkwe wako, angejifanya ameanguka, angekutania mbele ya wanao. Mradi meno yaonekane.

Alikuwa na kamera mbili, au apareyi kama tunavyosema hapa kwetu, na ugomvi wetu mwingi ulizihusu hizo. Zote mbili ni za siku hizi, zile zisizo na kioo ndani. Za zamani zilikuwa na kioo kinachopiga klak kila picha, na padri mmoja alikuwa akikatisha mahubiri na kumtazama mpaka aone haya. Hizi mpya hazipigi kelele, na padri akawa rafiki yake. Ndogo ilikuwa ya mtu anayeanza: nyepesi, ya plastiki, ina gurudumu juu na juu ya hilo gurudumu kuna alama ya kijani. Ukiiweka pale, inakufikiria kila kitu. Wewe kazi yako ni kuelekeza tu. Kubwa ilikuwa ya fundi wa kweli. Nzito, imezibwa kila upenyo maji yasiingie, inaona gizani mahali ambapo mimi na wewe tungepapasa ukuta, na ina nafasi ya kadi mbili, ili moja ikifa, picha za harusi ya watu zibaki kwenye nyingine. Lakini ile alama ya kijani haina. Dada yake aliyeko Ulaya alipomletea, nilimwuliza, mbona kitu cha bei hivi hakina hata msaada ule mdogo? Akanicheka. "Hii haimufikirie mutu," akasema. "Inangojea mutu afikiri."

Na bado hakuidharau ndogo. Mchana kweupe, alisema, weka watu wawili mbele ya ukuta, piga na hii, piga na ile, hakuna mwenye macho Bukavu nzima atakayekwambia ipi ni ipi. Ndogo ilikaa kwenye mfuko wa koti lake siku zote, hata alipokwenda kununua mkaa. Kubwa ilibaki nyumbani kwenye sanduku lake ikingoja kazi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na picha zake nilizozipenda zaidi, wanawake wakishuka na mizigo ya ndizi kutoka Mudaka, ukungu ukiwa bado umelala juu ya ziwa, zilitoka kwenye ile fimbo ya mfukoni.

Lakini mwambie hayo mtu wa komite ya harusi! Mnazijua komite zetu: zinaketi wiki baada ya wiki, zina mwenyekiti, mhasibu na msemaji, na bwana harusi mwenyewe hana kauli. Komite moja ilimwita ikamwambia alete chombo chake kikaguliwe. Siku hizo alikuwa na ndogo peke yake. Akaiweka mezani. Mwenyekiti akaichukua kwa vidole viwili. "Papa, na haka kadogo njo utatupigia mariaje? Batatucheka." Rafiki yangu hakubishana. Alisema kuna makosa, ameleta ya pasipoti, atarudi kesho na yenyewe. Kesho yake akarudi na kamera ile ile, ila ameifungia lenzi ndefu na nene aliyoazima kwa mwenzake, na mkanda mpana shingoni. Komite nzima ikasimama. "Sasa njo hii!" mwenyekiti akasema, akataka hata yeye apigwe moja akiwa ameishika. Harusi ikapita vizuri, picha zikasifiwa, na mpaka leo mwenyekiti yule husimulia jinsi alivyomlazimisha fotografe kuleta kamera ya kweli. Rafiki yangu alisimulia kisa kile akicheka mpaka machozi, lakini akimaliza alikuwa akisema jambo la maana: lenzi ndiyo iliyofanya kazi, wao walitazama ukubwa.

Basi ndogo ikaja ikamwangusha, tuseme kweli yote. Ilikuwa huko huko Mudaka, harusi ya uwanjani, mvua yetu ile isiyopiga hodi ikashuka wakati maharusi wanalishana keki. Ndogo ikanywa maji ikazimika, na keki ile haina picha hata leo. Aliianika karibu na mbabula, jiko la mkaa, siku kadhaa ikafufuka, lakini yeye alirudi mjini amenyong'onyea kama aliyefiwa. Hapo ndipo dada yake alipomhurumia akaleta ile kubwa. Na hapo ndipo binti yake wa kwanza alipoingia kazini. Alikuwa amemaliza shule, hana kazi, na baba mgongo umeanza kumwuma. Baba akamfundisha kubwa, yeye akarudi kwenye ndogo. Miaka yake ya mwisho mliwaona: binti mbele anakimbia na kubwa, anapiga magoti, anapanda viti, baba nyuma na ka-plastiki kake, anachekesha watu. Simu zilikuwa zimekwisha kuua kazi ya nusu ya wenzao. Nyumba yao haikulala njaa, kwa sababu binti yule alikuwa anaweza kutoa uso wa mtu gizani, kanisani, umeme umekatika, mishumaa miwili tu. Ada ya shule ya wadogo zake ilitoka kwenye ile kamera. Hilo kila mtu kwao alilijua.

Kila mtu alilijua, na bado baada ya mazishi jamaa ilipoketi kugawa vitu vya marehemu, kaka yake mkubwa alinyoosha mkono juu ya kamera kubwa na kusema ni yake. Msimfikirie vibaya haraka. Ni mzee mwenye moyo, mwuza mbao mstaafu, na alimlilia mdogo wake kuliko sisi sote. Hakutaka kuiuza wala kuikodisha. "Ile alikuwa anaipenda kuliko kitu yote," alisema. "Nitaiweka mu kabati ya vioo, kwa saluni yangu, pale wageni wanaketi. Kila mugeni ataingia, ataona: ndugu yangu ilikuwa mutu." Binti apewe ndogo, akasema, maana binti ataolewa, na akiolewa kamera itakwenda kwa bakwe, wakwe zake. Binti alisema kwa sauti ya chini, "Baba mukubwa, na kazi?" Mzee akamjibu kwa upendo mwingi: "Mama, si nayo inapiga foto?" Marehemu hakuwa ameacha neno lolote juu ya jambo hilo, si kwa mke wake wala kwa mtu mwingine. Shauri likaahirishwa mpaka siku ya kuondoa matanga.

Siku hiyo nilikuwapo, nimevaa kitenge cha jamaa kama wengine, maana walinihesabu mtu wa nyumbani. Asubuhi misa, na binti akapiga picha ndani ya kanisa, mle mwenye giza kama ghala, akiwa na kubwa. Tuliporudi nyumbani tukapangwa uani kwa ajili ya picha ya jamaa, ile ambayo kwetu matanga hayajaondoka mpaka ipigwe: kitenge kimoja, wakubwa kwa wadogo, na mbele kwenye kiti mama wa marehemu, koko, kama tunavyowaita bibi zetu, mwenye miaka yake mingi, aliyeshushwa kutoka Walungu na gari la mpwa wake na ambaye lazima arudi kabla barabara haijalowa. Mawingu yalikwisha kukusanyika upande wa ziwa. Binti akainua kamera. Mzee akatoka kwenye mstari.

"Leta," akasema. "Weye uko mutoto ya marehemu, unapashwa kuwa mu foto. Mimi nitapiga."

"Baba mukubwa, ngoja kwanza nirekebishe, niliiacha juu ya giza ya mu kanisa..."

"Apareyi ya kweli itajua yenyewe," mzee akasema, akaichukua.

Alipiga. Tulicheka kwa ajili ya kamera, tukanyamaza, tukacheka tena. Alitazama nyuma ya kamera akakunja uso. Nyeupe. Akasema ni jua. Akatuhamishia upande wa pili wa ua, koko na kiti chake juu juu, akapiga tena. Nyeupe kama maziwa, na katikati ya weupe vivuli kama mizimu iliyovaa kitenge. Akaanza kubonyeza kila kitufe alichokiona. Sasa kamera ikatoa picha nyeusi. Shemeji mmoja akauliza kama tumwite mganga. Jasho lilikuwa linamtiririka mzee wa watu, akalifuta kwa mkono wa koti na kubonyeza tena. Aliogopa. Picha hii ilikuwa ya mdogo wake, mama yake alikuwa mbele yake kwenye kiti, na mvua inakuja, na kile kitu alichotaka kukiweka kwenye kabati la vioo kilikuwa kinamtazama bila kumsaidia.

Koko ndiye aliyesema. "Mutoto wangu, unatuchomesha bure. Mupe mwenye kujua."

Mzee akaenda mwenyewe mpaka alipokuwa amesimama binti, akamvisha mkanda shingoni. Binti akazungusha vigurudumu viwili bila hata kutazama, akainama, akamwuliza koko kama ni kweli alikuwa akimchapa marehemu kwa kuiba sukari guru. Koko akacheka na pengo lake lote. Na ile picha ikapatikana, nimeiona, ni sisi wote, mpaka nyuzi za kitenge.

Lakini binti hakuwemo. Koko akauliza, "Na huyu?" Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kudondoka kwenye mabati. Binti akatoa ndogo kutoka kwenye mkoba wa baba yake, akazungusha gurudumu mpaka kwenye alama ya kijani, akamkabidhi mzee. "Hii inafikiri yenyewe, baba mukubwa. Weye utuchekeshe tu, meno yaonekane." Kisha akakimbia akapiga magoti kando ya kiti cha koko, kubwa ikiwa bado inaning'inia kifuani mwake.

Mzee akapiga. Alitazama nyuma ya kamera muda mrefu, mvua inamlowesha mabega, mpaka tukadhani imeharibika tena. Alikuwa analia. Picha ilikuwa imepinda kidogo na mimi imenikata sikio, lakini watu wote walikuwamo, na binti alikuwa amecheka kicheko cha baba yake kabisa, kile cha kufunga jicho moja. Mzee akakaficha ka-plastiki ndani ya koti lake kasipate mvua. "Bon," akasema, huku sote tunakimbilia barazani. "Ile kubwa ni ya huyu mutoto, na mutu asinisumbue tena. Mimi haka kananitosha. Na bakwe bakikuja, mimi njo fotografe."

Hakuna aliyebisha. Koko aliondoka na mvua ile ile, na tangu hapo mzee ameonekana sokoni Nyawera akiwasimamisha wauza maembe na kuwaambia wacheke. Kabati lake la vioo lina vikombe, kama makabati mengine.

Ninaandika haya kwa sababu matanga mengi ya mji huu hayaishi vizuri hivi. Cherehani ya mama inachukuliwa na shemeji asiyejua kutia uzi. Sanduku la vyombo la fundi linafungwa kwa heshima mpaka vyote vishike kutu, na mtoto aliyekuwa akilisha nyumba kwa vyombo hivyo anaambiwa avumilie. Mara nyingi hakuna mwenye nia mbaya. Kuna upendo tu usiojua kazi, na marehemu aliyedhani kila mtu ameona. Rafiki yangu alikuwa na maneno ya kuchekesha mji mzima, akakosa kumwambia kaka yake sentensi moja: kubwa ni ya binti yangu, anaifanyia kazi. Nusura kunyamaza huko kumnyime mwanawe mkate. Kwa hiyo nawe unayesoma, kama kuna mtu nyumbani kwako anayeshika chombo chako vizuri kuliko wengine, mwite leo, waite na ndugu zako, ulitamke jina lake wote wakisikia.