Maji ya Choo Yalimsema Baba

Jamani, maji ya choo yana mdomo. Mimi sikujua mpaka yalipomsema baba yangu.

Kazi yangu ni kuhudumia matangi madogo ya kusafisha maji machafu, yale yanayofukiwa nyuma ya nyumba. Huku kwetu vilimani Slovenia mabomba ya majitaka ya mji hayafiki. Miaka kumi na nane nachokoa uchafu wa watu. Harufu siisikii tena. Mgongo ndio nausikia.

Naishi na baba, mzee Ludvik. Ana kifafa.

Mwaka ule alikuwa anaanguka kila wiki. Daktari akaongeza dozi. Akaanguka. Akaongeza tena.

"Umemeza, baba?"

"Nimemeza, we askari."

Ndipo akaja Darinka, mtafiti wa chuo kikuu. Alikuwa anapima dawa na kemikali ambazo bakteria wa tangi wanashindwa kuzila, zikapenya mpaka kijitoni. Nikamchotea maji ya matangi tisa, la kwetu likiwemo.

Wiki tatu baadaye akanipigia.

"Dada Romana, tangi lenu limejaa dawa ya kifafa."

"Si baba anaitumia?"

"Hunielewi. Ikipita mwilini, sehemu kubwa hutoka imevunjwavunjwa. Hii ni nzima. Haijamezwa na mtu."

Nilikaa chini palepale, glavu mkononi.

Nyumbani nikamkuta anamenya viazi.

"Baba, vidonge unavimwaga chooni?"

Akaweka kiazi chini. "Nani kakwambia?"

"Choo."

Akacheka mpaka machozi. Halafu kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

"Nikivimeza vinanifanya gogo, mwanangu. Unarudi umechoka, nakuona kama kwenye ukungu. Bora nianguke nikiwa macho."

"Mbona hukusema?"

"Kila siku unaniuliza kama nimemeza. Hujawahi kuniuliza vinanifanyaje."

Nikachukua kisu, nikamenya naye.

Kesho yake tukamwambia daktari ukweli. Akavua miwani.

"Dozi hii niliyoifikia, angeimeza yote, ingeweza kumuua."

Na mimi wiki hiyo nilishapanga kumsimamia ameze mbele yangu.

Kabadilishiwa dawa. Bado anaanguka, mara mojamoja, ila mchana yuko macho. Vile vidonge vilivyobaki nilivirudisha famasi.

Ndugu msomaji, dawa usiyoitaka usiimwage chooni. Inaishia kwenye maji ya jirani.

Na mgonjwa wako usimhesabie vidonge tu. Kaa naye, muulize vinamtendaje, halafu nyamaza umsikilize.