Gitaa la Kanada kwenye Moto wa Mabua

Joyness Mwandu ni fundi cherehani wa Somanda, na kama sare ya shule ilishawahi kukubana kwapani hapa Bariadi mjini, usimlaumu yeye. Mlaumu mama yako aliyedhani hutakua. Kazi ya Joyness haina dosari. Ila ukimkuta dukani kwake mchana, mguu uko kwenye cherehani na akili iko kwenye gitaa. Jumamosi anapiga harusini, Jumapili anapiga kanisani, na katikati ya wiki anapiga meza kwa vidole mpaka wateja wanamuuliza, "Mama, vipimo vyangu umevisikia kweli?"

Shida yake ilikuwa umeme. Gitaa la umeme mtupu ni zuri, lakini harusi zetu unazijua: bibi harusi anaingia, na umeme nao unatoka. Hapo unabaki umekumbatia ubao mbele za watu. Gitaa la mbao tupu nalo, akina mama wakishaanza vigelegele, nani atalisikia? Joyness akataka chombo kinachofanya kazi pande zote mbili, chenye tumbo la mbao linaloimba lenyewe, na ukikichomeka waya kinatikisa spika. Akatafuta kwenye simu, akapekua weee, mpaka akampata fundi mmoja huko Kanada anayeyatengeneza kwa mkono, moja baada ya jingine, kwenye karakana yake ndogo nyuma ya nyumba.

"Kanada?" mumewe, Thomasi, alishangaa. "Kwani Mwanza yameisha?"

"Yapo mengi. Langu ndilo halipo."

Wakaanza kuandikiana, simu ikiwatafsiria. Yule Mkanada alimuuliza urefu wa vidole vyake, upana wa kiganja, na kama anapiga kwa kucha au kwa nyama ya kidole. Joyness akacheka peke yake dukani. Mtu anayepima hivyo kabla ya kukata ni fundi, basi, hata kama hujamuona uso. Akauza choroko za msimu ule, akauza na ng'ombe wake mmoja, akatuma pesa.

Gitaa lilikuja limefungwa kama mtoto mchanga. Ndani kulikuwa na karatasi ya maonyo. Usiliache ndani ya gari juani. Usiliweke karibu na mashine ya kupasha nyumba joto. Usilitoe kwenye theluji ukaliingiza sebuleni ghafla. Simu ilipomsomea Joyness habari za theluji alicheka mpaka akashika mbavu. Maskini Mkanada wa watu, alifikiria kila kitu kinachoweza kutokea huko kwao.

Sasa, mnamjua baba yake? Mzee Mwandu wa Mwamanyili, mpiga ngoma. Huyo mzee mikono yake ilichezesha watu Busega nzima, na katika watoto wake wote, aliyerithi mkono ule ni Joyness. Mzee alikuwa ameshamwekea ngoma. Binti akaenda kwaya, akarudi na gitaa. Mzee hakugomba wala hakufukuza mtu. Alisema tu kwamba hapigi pamoja na sanduku, na tangu siku hiyo hajawahi kupiga na mwanawe. Ukimuuliza sababu anakwambia, "Ngoma naipasha moto, inakaza, inaniambia iko tayari. Sanduku linaniambia nini?"

Miaka imekwenda, jamani. Mikono ya mzee imeanza kutetemeka anaposhika kikombe. Joyness aliona hilo, na likamuuma. Mdogo wake, Gilbert, alipotangaza harusi, Joyness akajua kama si siku hiyo basi hakuna siku nyingine. Akampigia mzee simu.

"Baba, harusi ya Gilbert tupige wote. Wewe ngoma, mimi gitaa. Wimbo mmoja tu."

"Nitaona," mzee akasema, akakata.

Nitaona! Neno la baridi kama uji uliolala. Joyness alilibeba mpaka Mwamanyili.

Siku ya harusi alifika asubuhi, gitaa mgongoni, Thomasi akiendesha pikipiki polepole kama amebeba mayai. Mzee alikuwa amekaa mlangoni.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, ng'wanone, mwanangu. Umekuja na sanduku lako?"

"Nimekuja nalo."

"Haya. Liweke ndani."

Akaliweka kitandani kwa baba yake, akalifunika khanga, akaenda kuwasalimia shangazi zake. Unajua kusalimia shangazi wa Kisukuma siku ya harusi. Ni kupiga goti hapa, kupiga goti pale, umepungua, umenenepa, mtoto wa mwisho yuko darasa la ngapi. Alipochomoka, akasikia harufu ya moshi nyuma ya nyumba. Hakujali. Ni mzee anapasha ngoma yake, kama siku zote. Kisha ikaja harufu nyingine, ya rangi ya mbao inayoungua.

Joyness alikimbia. Khanga ikamdondoka njiani, hakuiokota.

Mzee Mwandu alikuwa amechuchumaa mbele ya moto wa mabua ya pamba. Upande huu ngoma yake. Upande wa pili, likiwa limeegeshwa kwenye kigoda, gitaa la Kanada, tumbo limeuelekea moto. Mzee alikuwa analigeuza taratibu, analigonga kwa kifundo cha kidole, anaweka sikio, anageuza tena.

"Baba!"

Ukelele ule ulimtoka Joyness tumboni. Akalinyakua. Ubavuni rangi ilikuwa imevimba malengelenge, na kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi pale kifuani kilikuwa kimeinuka upande mmoja, maana gundi ilikuwa imelainika. Akagonga uzi mnene, ukatoa mlio wa debe. Choroko zake. Ng'ombe wake. Machozi yakamjaa, na maneno makali yakafika kwenye ulimi, tena yale ambayo ukishamwambia mzazi hayafutiki.

Mzee akainua uso. Alikuwa anatabasamu.

"Bado kidogo tu," akasema. "Lina mbao ngumu, linachelewa. Nimeviweka pamoja hivi. Vyombo vya kupigwa pamoja vinapashwa moto mmoja, ng'wanone, la sivyo havisikilizani."

Joyness akasimama pale pale. Vyombo vya kupigwa pamoja. Maneno makali yote yakarudi yalikotoka. Aliangalia ile mikono inayotetemeka, ambayo ilikuwa imeligeuza gitaa lake kwa uangalifu uleule ambao ngoma ilipata miaka yote.

"Limekaza?" mzee akauliza.

"Limekaza, baba," akasema. "Wabeja, asante."

Akaenda nalo nyuma ya ghala, akalia kidogo, haraka, kwa sababu bibi harusi alikuwa njiani. Halafu ufundi ukamrudia. Akazilegeza zile nyuzi tatu nene ili zisiking'oe kabisa kile kipande kilichoinuka, akabakiza tatu nyembamba. Tumbo la mbao lilikuwa limekufa sauti. Akachomeka waya, jenereta ikawashwa, akagusa uzi mmoja. Sumaku iliyo chini ya nyuzi, inayopeleka mlio kwenye waya, haikuwa na habari na moto wa mtu yeyote. Spika ikaitika, nyembamba, safi. Na yeye aliyelinunua kwa ajili ya siku umeme utakapokatika!

Bibi harusi akaingia. Mzee Mwandu akafungua kwa ngoma, na niwaambie, pale hakikutetemeka kitu. Joyness akaingia juu yake na nyuzi zake tatu. Wimbo mmoja ukawa nyimbo mbili, zikawa nne. Shangazi zake walitupa viatu. Kila alipogeuka, mzee alikuwa anamtazama yeye, si watu.

Baadaye Joyness alimtumia Mkanada picha. Jibu lilikuja kwa kuchelewa, kama la mtu aliyehitaji kukaa kwanza. Ilikuwaje, aliuliza. Akamwandikia, "Baba yangu alilipasha ili tupige pamoja." Yule bwana akatuma gundi, akamwelekeza kwa video namna ya kulibana upya, na tumbo la mbao likaimba tena. Akasema hata yale malengelenge yanaondoka kwa msasa na rangi mpya. Joyness akakataa. Nasikia karatasi ya maonyo sasa ina mstari mmoja zaidi.

Siku hizi wanaitwa wote wawili, Lamadi mpaka Bariadi. Mzee hajui kitu. Hakuna aliyemwambia, na ole wake atakayemwambia. Kila mara kabla ya kupiga anawasha mabua yake, anaweka ngoma, anasogea pembeni kidogo kuacha nafasi, halafu anamwita binti yake.

"Lete gitaa tulipashe."

"Halijapoa, baba," Joyness anamjibu, akiwa amelificha lile doa la malengelenge kwa kiganja. "Bado lina moto wa siku ile."

Mzee anatikisa kichwa, ameridhika, anaendelea kuipasha ngoma yake.