Hodi Elfu Kwenye Mtambo wa Joto

Raija Tiainen ndiye mtunza jengo letu hapa Varkaus. Miaka kumi na tisa anavunja barafu ngazini na kuzibua mabomba, na hajawahi kumwambia mtu zaidi ya alichoulizwa.

Januari hii, baridi ikiwa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, redieta, yale mabomba ya ukutani yanayopasha vyumba kwa maji ya moto, zilipoa jengo zima. Mzee Aarne wa ghorofa ya tatu, mwenye mapafu mabovu, alilala na koti na kofia. Raija akashuka chini, akaukuta mtambo wa joto unajizima na kujiwasha, na kila ukijizima pampu zinasimama.

Ugonjwa huo aliujua. Kampuni inayouhudumia mtambo imeuunganisha na mtandao ili iusome kutoka ofisini kwake bila kutuma mtu. Huko mtandaoni mashine hupigiana hodi: moja inabisha, ya pili inajibu karibu na kuiwekea nafasi, ya kwanza iitikie ndipo ziongee. Sasa kuna washenzi wanabisha maelfu kwa maelfu na hawaitikii. Mtambo unawawekea wote nafasi mpaka unajaa, unazimia. Hawaibi chochote. Wanafanya tu, kama mtu anayetemea kisima mate.

Raija aliiandikia kampuni tangu vuli. Ikamjibu kwamba kasoro hiyo inajulikana. Inajulikana, basi, wakakaa nayo.

Siku hiyo ya baridi ilikuwa Jumamosi; alipoipigia kampuni simu akaambiwa asiguse waya, mkataba unakataza, asubiri Jumatatu. Akaung'oa waya wa mtandao. Jioni redieta zilikuwa moto.

Jumatatu akaja fundi wa kampuni pamoja na Holopainen, mwenyekiti wa wenye nyumba. Fundi alikunywa kahawa ya Raija vikombe vitatu, akaupiga picha ule waya, hakuuliza kama kuna aliyeugua. Holopainen akampa Raija onyo la maandishi. Akipata la pili, kazi hana. Kisha fundi akaurudisha waya.

Dakika nne tu, pampu zikanyamaza.

"Itatulia," fundi akasema.

Haikutulia. Holopainen akamwambia fundi auchomoe waya. Akajibu kwamba yeye haruhusiwi. Holopainen naye, mtu mzima asiye na haya, mikono mfukoni, akamgeukia Raija.

"Raija, wewe si unayajua mambo haya."

"Nayajua. Kalamu unayo?"

"Ya nini?"

"Ya kuandikia la pili."

Akaung'oa. Na Holopainen akaandika kweli, palepale, ameegemea bomba lililoanza kupata moto.