Bei Chini ya Leso: Sirad na Binti Yake Mkimya

Soko la mifugo la Kitengela limechangamka asubuhi hii ya Jumatano, na Sirad Hamse anapanga mbuzi wake kwa mkono mmoja. Wa kulia umefungwa bendeji. Jana lango la zizi lilimbana vidole, na kwake vidole ndivyo mdomo wa biashara.

Wengine hapa hutangaza bei kwa sauti. Sirad, mwenye miaka arobaini na sita, huuza kama walivyouza wazee wake Garissa. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono ya kulia chini ya leso, kila kidole na thamani yake. Walio kando hawaambulii kitu.

"Kazi hii imesomesha watoto wanne," asema. "Sijapiga hodi kwa mtu."

Mwaka huu wa 2003, kinachomnyima usingizi ni kitinda mimba wake, Fosiya, aliyepata nafasi ya kusomea sheria chuo kikuu. Kubadilisha kozi mwisho ni Ijumaa, na Sirad anataka abadilishe, achukue uuguzi.

"Sheria ingekuwa ya Najah, dada yake. Yule akianza kubishana, majirani wanafunga madirisha. Huyu? Mgeni akija, anaongea na kikombe."

"Hooyo, mimi nasikiliza," Fosiya, aliyesimama kando ya mbuzi, amjibu mamake.

"Na nani atakulipa kwa kusikiliza?"

"Jaji analipwa."

Sirad angali anapanga mbuzi wakati Ruth Soipan, mwenye bucha huko Ngong, anapofika na salamu yake ya Kimaasai.

"Supa, Mama Fosiya. Leo tutaongea na nini, bendeji?"

Sirad hana wa kumtuma ila mmoja. "Fosiya, shika leso."

Ruth acheka. "Huyu? Nitammaliza kabla chai ipoe."

Ujanja wa Ruth unajulikana. Vidole vikifanya kazi chini, mdomo unakuvuruga juu. Asema mbuzi wamekonda. Auliza Fosiya ataolewa lini. Asema mamake amezeeka ghafla. Macho yake hayabanduki usoni pa msichana, yakingoja kope icheze.

Fosiya anatazama masikio ya mbuzi. Leso inatikisika, inatulia, inatikisika tena. Kwa mara ya kwanza Sirad yuko nje ya leso kama mpita njia, naye hajui kinachoendelea.

"Nilimtafuta usoni nikamkosa," asema. "Mimi niliyemzaa."

Hatimaye Ruth achomoa mkono, aukung'uta. "Nimenunua. Tena ghali. Mama Fosiya, huyu ulikuwa umemficha wapi?"

"Sijamficha," Sirad ajibu. "Anaenda kusoma sheria."

Ijumaa imepita, na kozi haikuguswa. Vidole vikipona, Sirad atarudi chini ya leso, auze mpaka binti yake avae joho. Siku ya kesi ya kwanza ataketi nyuma kabisa kortini.

"Nataka kumwona huyo wakili mwingine akiutafuta uso wa mtoto wangu," asema. "Najah tutamwacha nyumbani. Yule atatufukuzisha."