Kiti cha Pili, Bila Chumvi

Wanawake wawili wasiopikika chungu kimoja waliwekwa meza moja, ndani ya meli moja, kwa siku saba, na aliyewaweka hapo akaita jambo hilo zawadi. Ndivyo walivyo watoto waliosoma. Wakipata cheo kidogo hudhani ugomvi wa wakubwa ni kitu cha kukatiwa tiketi kikasafiri, kikarudi kimepoa.

Wa kwanza ni Mama Upawa. Jina hilo alipewa na wanafunzi wa shule ya bweni alikopika miaka thelathini na mmoja, watoto mia tano na ushee, asubuhi, mchana na jioni. Ni mfupi, mabega mapana ya kukoroga, mkono wa kulia umenenepa kuliko wa kushoto, na ulimi wake wapishi wadogo waliuogopa kuliko moto wa jikoni. Wa pili ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe, muuguzi mstaafu ambaye hata akikusalimia anakuchungulia macho kuona kama yana manjano. Aliyewaleta ni mtoto wa pekee wa Mama Upawa, mhandisi wa barabara, mtu mzima wa miaka thelathini na miwili, mpole wa kupitiliza. Mpole wa namna ile, mwogope.

Ugomvi wenyewe hauna kona nyingi. Miaka kumi na miwili nyuma, mume wa Mama Upawa aliugua moyo. Miguu ilivimba, daktari akakataza chumvi, na wifi akahamia pale nyumbani kuisimamia amri ile kama askari jela. Mgonjwa akasusa. Siku ya nne bila kutia kitu tumboni, alimwomba mkewe supu yenye chumvi, supu ya watu, hata kama ndiyo ya mwisho. Mke akatia. Mume akanywa bakuli zima, akacheka, akasema leo nimekula. Siku mbili baadaye akafariki. Msibani, mbele ya waombolezaji wote, wifi alisimama akasema kaka yake hakuuawa na moyo, ameuawa na mwiko wa mkewe.

Mama Upawa hakukana, maana chumvi alitia kweli, na angeulizwa kama angetia tena, angetia. Alichokuwa nacho cha kujishikiza miaka yote ile ni kimoja tu, kwamba mwanawe hayaamini maneno ya shangazi yake. Kijana alikuwa chuoni, alirudi siku ya mazishi, akayasikia, na hakumuuliza mama yake neno hata siku moja. Mama akakihesabu kimya kile kuwa ni upande wake. Ulimwengu mzima useme unavyotaka, mradi yule mmoja haamini.

Basi, meli. Wenyewe wanaiita meli ya starehe, na kwa ukubwa ilikuwa mtaa mzima umewekwa juu ya maji, una lifti, maduka, na mabwawa ya kuogelea katikati ya bahari, utadhani maji yalikuwa hayatoshi. Chakula cha jioni ni ukumbi wa ghorofa ya tano. Ukipangiwa meza, ndiyo meza yako mpaka mwisho wa safari, kiti kilekile, mhudumu yuleyule. Mhudumu wao alikuwa mwembamba, mwenye kizibao cheusi cha vifungo na tabasamu lisilozimwa. Kila jioni aliwapa karatasi ndefu ya vyakula, vya kuanzia vinne, vikuu sita, vitamu vitano, kila mtu achague chake.

Hapo ndipo Mama Upawa alipokwama. Mtu aliyepika vyakula visivyo na hesabu hakuwahi kuchagua chakula maishani mwake. Utotoni alikula kilichokuwepo. Shuleni ratiba ilibandikwa ukutani, Jumatatu maharage, Jumanne kabichi, na mkuu wa shule ndiye aliyeiandika. Nyumbani alikula kilichobaki. Jioni ya kwanza aliisoma ile karatasi mara tatu kama mtu anayesoma mkataba wa nyumba. Wifi akaguna, akamwambia mhudumu mama huyu aletewe kitu chepesi tu, hajazoea. Mama Upawa akamkata jicho moja, akasema kwa sauti ya kutosha meza tatu kwamba ataletewa supu ya nyanya na samaki wa kuchoma, amechagua mwenyewe, na midomo anayo.

Supu ikaja. Haina chumvi. Samaki akaja, hana chumvi. Akatafuta mezani, akaona kichupa cha pilipili manga peke yake, wakati meza za jirani zote zina vichupa viwili viwili. Alimwomba mhudumu. Mhudumu akaitikia vizuri sana, akainama, akaenda, na chumvi haikuja. Mama Upawa akahukumu papo hapo kuwa mpishi wa meli ile ni mvivu, hajui kazi, na kwake asingemaliza wiki.

Kijana wake alisema wanaweza kwenda ghorofa ya kumi na moja, kwenye ukumbi wa kujipakulia, wazi asubuhi mpaka usiku. Mama Upawa alikwenda kuukagua, akarudi amekunja uso. Vyakula arobaini vimepangwa juu ya maji ya moto, vinatoa jasho tangu saa nne. Alisema wali uliosimama saa tatu si wali tena, ni gundi, na yeye hali gundi wala hatakula gundi.

Wifi naye alikuwa na lake. Alikuja na mashine yake ya kupimia presha, akawapima wote siku ya kwanza, bila kuombwa. Ya Mama Upawa ikatoka nzuri kama ya msichana. Wifi akapima tena mkono wa pili, ikatoka vilevile. Ya kwake mwenyewe ndiyo ilikuwa juu, akaifunga mashine akasema betri zimechoka. Mama Upawa alicheka mpaka akashika meza, na kwa siku mbili zilizofuata hakuacha kumuuliza hali ya betri.

Sasa sikia tabia moja ya wapishi wa shule. Sahani ya kwanza ni ya mpishi. Saa moja kabla ya kengele, mpishi mkuu anaketi mbele ya mwalimu wa zamu, anakula, na watoto wanasubiri. Mpishi akiwa bado yuko wima, kengele inagongwa. Miaka thelathini na mmoja Mama Upawa alikula kwanza ili kama ni kufa afe yeye, na tabia hiyo ilimwingia mkononi. Hata nyumbani hakuna bakuli lililopita mbele yake bila kijiko chake kutumbukia. Mwanawe alikula hivyo tangu anaachishwa ziwa: mama anaonja, mama anatikisa kichwa, mtoto anakula. Hakuwa anafikiri. Mkono ulikwenda wenyewe.

Jioni ya nne supu ya nyanya ilirudi kwenye karatasi. Yeye na wifi wakaiagiza wote wawili, kila mmoja akikasirika kuwa mwenzake amemwiga. Mabakuli yakaja pamoja. Wifi aligeuka kutafuta kitambaa, na kijiko cha Mama Upawa kikatumbukia kwenye bakuli lake kwa mazoea.

Chumvi ilikuwemo. Tena imepimwa na mtu anayejua. Akaonja ya kwake, haimo. Sufuria moja, mabakuli mawili. Mpishi wa meli hakuwa mvivu hata kidogo.

Wifi alikuwa ameshageuka na kukiona kijiko, na akaanza kusema juu ya vijidudu vya mdomoni. Mama Upawa hakumsikia. Alimwita mhudumu, akamuuliza kwa utaratibu kwa nini bakuli hili lina chumvi na hili halina. Mhudumu, kwa mara ya kwanza, tabasamu likamlegea. Akasema ndivyo ilivyoandikwa jikoni, kiti cha pili, bila chumvi, na kichupa kisiwekwe mezani.

Moto uliowaka hapo sitaweza kuusimulia wote. Mama Upawa alimwambia wifi yake kwamba alimnyang'anya mume chakula mpaka akasusa, na sasa amemfuata mpaka baharini kumnyang'anya na yeye. Alimwita mchawi wa sahani. Wifi alimwambia angetaka kumtesa asingeanzia kwenye chumvi. Watu wa meza za jirani waliacha kula. Kijana alikuwa ameinamia mkate wake, anaupaka siagi, anaupaka tena, mkate umeshajaa siagi kama umepigwa plasta.

"Sikuandika mimi," wifi akasema mwishowe. "Ningeandika, ningekwambia usoni. Lini nimewahi kukuficha ubaya wangu?"

Na hilo lilikuwa kweli. Mama Upawa alilala nalo. Wifi ana makosa ya kujaza gunia, ila la kujificha hana.

Asubuhi, kijana na shangazi yake wakiwa kwenye viti vya jua, Mama Upawa alishuka peke yake ghorofa ya tano. Wahudumu walikuwa wanakunja vitambaa. Mkuu wa ukumbi, mzee nadhifu aliyevaa tai saa tatu asubuhi, alimkaribisha kiti. Aliposikia kuwa mama huyu amepika shule miaka thelathini na mmoja, akawa mwepesi kama mtu aliyekutana na mtu wa kwao. Akafungua kompyuta yake, akamgeuzia kioo asome mwenyewe.

Ilikuwa fomu ya safari, imejazwa miezi mitatu nyuma. Jina la aliyejaza ni la mwanawe. Penye mahitaji ya chakula paliandikwa hivi: Mama yangu apikiwe bila chumvi. Asiachiwe chumvi mezani. Atawaambia haina neno. Msimsikilize.

Aliisoma mara tatu, kama ile karatasi ya jioni ya kwanza. Kikulacho ki nguoni mwako, alikuwa akiwaambia wapishi wadogo kila sukari ilipopungua stoo, na hakujua kuwa siku moja atajiambia mwenyewe. Alimshukuru yule mzee. Alimwambia supu yake ya nyanya imekolea vizuri, kisha akapanda ngazi ghorofa tano kwa miguu, maana kwenye lifti kuna kioo.

Jioni ya tano alivaa gauni lake la bluu, akaketi kiti cha pili. Hakununa. Aliagiza samaki. Wifi aliagiza kuku. Kijana aliagiza supu ya uyoga, na ilipofika mama alimwacha aikoroge kwanza.

"Ile fomu umejaza wewe," akasema.

Kijana akaweka kijiko chini. Akasema ni kwa ajili ya afya tu, mama, umri unakwenda. Hata kabla Mama Upawa hajafungua mdomo, wifi ndiye aliyeuliza, kwa sauti kavu ya wodini, afya ipi, maana presha ya mama yako nimeipima mimi kwa mikono yangu na ni nzima kuliko ya kwako. Kijana akachukua mkate.

Mama Upawa alitaka kuyaamini yale ya afya. Alitaka sana, na Mungu anajua. Angeyachukua hivyohivyo yalivyo, nusu uongo, akayaweka mahali pake, wakala, yakaisha. Na kwa kuwa moyo wake ulikuwa umekwisha kukubali, mkono ukafanya kazi yake ya siku zote. Kijiko chake kikavuka meza kwenda kuonja supu ya mtoto.

Kijana akafunika bakuli kwa kiganja.

Haikuchukua muda hata wa kupepesa. Hakuwa amefikiri, ungeona usoni mwake kuwa hakuwa amefikiri. Mkono wake nao ulikwenda wenyewe. Kisha akauona pale ulipo, juu ya bakuli, mvuke unamchoma kiganja, akauondoa upesi.

"Samahani, mama. Sikukusudia."

"Najua hukukusudia," Mama Upawa akasema. "Ungekusudia ningekusamehe."

Akakirudisha kijiko chake, akakilaza kando ya sahani, sawasawa, kama wanavyokilaza wahudumu. Akamwambia mwanawe kwamba baba yake alikuwa na siku nne hajala. Kwamba aliomba mwenyewe, kwa jina la Mungu, na kwamba alikunywa bakuli zima akacheka.

"Miaka kumi na miwili nimekusubiri uniulize," akasema. "Kumbe ulishajijibu."

Kijana alikuwa analia, bila sauti, kama alivyolia utotoni. Wifi alinyoosha mkono ukaishia katikati ya meza. Akasema, "Wifi, kaa." Ni neno la kwanza jema alilomwambia tangu msiba, na lilikuja siku mbaya. Alikuwa ameshinda, neno lake la msibani lilikuwa limeota mizizi palepale alipolipanda, na alikuwa analitazama kama muuguzi aliyempa mgonjwa dawa ya mtu mwingine.

Mama Upawa alikuwa ameshasimama. Alimwambia mhudumu samaki wake ampe mwenye njaa.

Ghorofa ya kumi na moja ilikuwa na taa nyingi na watu wachache. Alichukua sahani ya moto kwenye rundo, akapita mbele ya vyakula arobaini, mpakuaji mwenye kofia ndefu akamuuliza mama nikuwekee nini. Akaonyesha kwa kidole: hicho, na hicho, na ule wali. Wali ulikuwa umesimama tangu saa kumi, alijua kwa kuutazama tu. Akauchukua hivyohivyo.

Aliketi meza ya watu wawili, peke yake. Kichupa cha chumvi kilikuwa mezani, kama kwenye meza zote. Akakitikisa juu ya wali, juu ya kuku, juu ya viazi, kabla hajaonja hata punje, kosa ambalo msichana yeyote wa jikoni kwake angelifanya angefukuzwa siku hiyohiyo. Kisha akaonja.

Chumvi ilikuwa imezidi. Akala yote.